Jino la Lumumba, sanamu ya Tshombe

Ukifika katikati ya mji wa Lubumbashi, Katanga, pale Posta, sanamu utakayoikuta si ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Ni ya Moïse Tshombe, aliyeongoza Katanga ilipojitenga na Kongo, na vijana hupiga picha za simu chini yake. Lumumba yuko mbali, Shilatembo, kilomita kama 50 kwenye barabara ya Likasi, ambako usiku wa tarehe 17 Januari 1961 alipigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Malori ya shaba yanapita hapo mchana na usiku.

Kwa hiyo kumsifu Lumumba hapa kwetu hakupiti bila swali. Mzee wa Katanga atakuuliza: shaba yetu ilikuwa inalisha nani? Swali lina uzito. Lumumba alitaka dola moja yenye amri moja kutoka Léopoldville (Kinshasa ya leo), na waliodai shirikisho aliwaona wanatumiwa na Wabelgiji. Haraka yake ilimponza. Agosti 1960, jeshi alilolituma Kasai kuzima utengano wa Albert Kalonji, kiongozi wa huko, liliua raia Waluba huko Bakwanga. Wanaomtukuza huuruka ukurasa huo.

Lakini Tshombe naye tusimpambe. Utengano wa Katanga aliotangaza tarehe 11 Julai 1960 ulisimama kwa mgongo wa askari wa Ubelgiji na kodi ya Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi ya shaba. Uhuru gani huo? Kuhusu umoja wa nchi, Lumumba aliona mbali. Tena aliongoza serikali miezi miwili na ushee tu kabla Rais Kasa-Vubu hajamwachisha kazi. Kumhukumu kama mtu aliyetawala miaka 30 ni kumwonea.

Alipokosea, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba nchi moja lazima iwe na mfuko mmoja. Katiba ya Kongo ya 2006 imezipa provensi asilimia 40 ya mapato ya taifa, zikatwe kulekule zinakokusanywa. Hiyo ni nusu ya hoja ya Tshombe, imeandikwa na jamhuri ya Lumumba. Kinshasa haijaitekeleza kikamilifu hadi leo.

Mobutu, mkuu wa jeshi aliyekuja kuwa rais, ambaye askari wake ndio waliomkamata Lumumba, alimtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Mwili ulikuwa umeshayeyushwa kwa asidi; Ubelgiji ilirudisha jino moja, Juni 2022. Jeneza lake lilipitishwa Shilatembo kabla ya kwenda kuzikwa Kinshasa. Sanamu ya Posta haikuguswa, wala mimi nisingependa iguswe.