Mhadhara wa umma, maswali hakuna

Jamani hizi siku za utafiti za vyuo vikuu zinanikera sana kwenye muda wa maswali. Mnatangaza mhadhara wa umma, wote karibuni, halafu profesa anasoma slaidi neno kwa neno, grafu hata namba za pembeni hazisomeki, muda unaisha, MC anasimama "tuchukue swali moja tu", na hilo moja anapewa profesa mwenzake! Sasa sisi tuliitiwa nini? Na wanafunzi ndo wanaumia zaidi, wamesimama nje na mabango yao ya utafiti tangu asubuhi, kazi nzuri kabisa, ila hakuna wa kumweleza maana ratiba imewafungia wageni wote ukumbini. Punguzeni hotuba bwana, watu waulize, wale vijana nao wasikilizwe.