Fundi, pima kwanza halafu ndo uniambie betri imekufa

Mwezi mzima nimekaa na hasira hii najiambia yameisha, ila juzi nimeona kitu kimenitonesha kidonda upya, ntafika huko.

Ilikua saa kumi na moja alfajiri, shangazi kashaingia kwenye gari na mizigo yake, kiroba cha dagaa na dumu la mawese, natakiwa nimuwahishe stendi ya Masanga hapa Kigoma apande basi la Mwanza. Nazungusha funguo: ta! Nazungusha tena: ta! Taa za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaimba, injini imenuna. Shangazi huko nyuma, "Baba, au mafuta yameisha?" Nikamtafutia bajaji, akaondoka na lawama zake na dumu lake.

Majirani nao hawakosekani. Wakaja watu sita kunisukumia, gari ya otomatiki! Gari ya gia za mkono sawa, unaweka ya pili, unaachia klachi, inashtuka. Otomatiki mnaweza kuisukuma kutoka Mwanga ikateremka mpaka ziwani ikaingia na majini na bado haijawaka.

Saa mbili akaja fundi. Hakufungua hata boneti. Akaniambia washa, akasikiliza ile "ta", akatikisa kichwa kama mtu aliyeleta habari ya msiba, "Bosi, betri imekufa." Betri ya miezi nane, tarehe niliandika mwenyewe ubavuni kwa maka peni! Haya, laki na themanini, betri mpya, ile ya zamani akasema ataniondolea isinichafulie nyumba. Tukafunga. Ta! "Aah, basi hiyo ni stata," yani ile mota inayozungusha injini iwake. Stata ya mtumba laki na ishirini, ufundi elfu thelathini. Ta! Hapo ndo akaanza kuangalia mawingu, anasema itakua kontrol boksi, na bahati nzuri ana jamaa yake Dar anazo.

Bahati nzuri ya nani sijui.

Aliyeniokoa ni kijana anayetengeneza injini za maboti kule Kibirizi, alikuja nyumbani kwa mambo yake na mdogo wangu. Akatoa testa kwenye begi, ka-testa ka kupimia volti ka kawaida kabisa. Kwenye betri ikasoma 12.6. Akasema zungusha funguo, ikabaki kwenye 12 na kidogo. Akaniambia kaka, betri ikiwa mbovu hapa ingeporomoka chini ya 10 muda uleule, hii haijaguswa kabisa, umeme unakwama njiani. Akaweka mguu mmoja wa testa kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye chuma cha injini, nikazungusha tena. Volti 7. Pale haitakiwi kufika hata nusu volti.

Waya wa eathi! Ule unaounganisha bodi na injini, nati yake imeoza kwa kutu, imejaa ule unga wa kijani. Taa na redio zinakunywa kikombe ndo mana zilikua hazilalamiki, stata inakunywa pipa zima kwa mara moja, na pipa halipiti kwenye tundu la sindano. Akalegeza kwa spana, akapiga msasa, akakaza. Ikawaka kwa mpigo mmoja. Dakika kumi na tano, anataka elfu tano. Nikampa ishirini na nilikua bado nasikia aibu.

Sasa mimi nauliza, laki tatu na thelathini nililipia nini? Nililipia kubahatisha. Fundi anakisia, kisio linatoka mfukoni mwangu, likikosea anakisia lingine na linatoka mfukoni mwangu tena, yeye hapotezi chochote. Hata malaria, ambayo huku kwetu ni kama ndugu wa familia, siku hizi unatobolewa kidole kwanza ndo upewe dawa. Gari ya mtu inapewa dawa ya kila ugonjwa mpaka ipone au mwenyewe afilisike.

Haya nikubali na hili japo linaniuma, sisi wateja ndo tumewafundisha. Fundi akikwambia elfu kumi ya kupima unamwona mwizi, "unapima tu hujafunga kitu unataka hela?" Ila akikuletea stata imefungwa kwenye gazeti, ina grisi, nzito mkononi, unahesabu noti bila kinyongo kwa sababu umeona chuma. Hatulipi akili, tunalipa chuma. Kwa hiyo fundi mwenye testa analala njaa, mwenye maneno anafunga vyuma, na huyo kijana wa Kibirizi nilipomuuliza kwa nini hafanyi magari akacheka akasema wavuvi wanalipa kupima kwa sababu boti ikizima katikati ya ziwa hakuna wa kusukuma.

Tangu siku hiyo fundi akija kwangu bila testa namkaribisha chai tu.

Na kama gari yako ni otomatiki na haitoi hata hiyo "ta", jaribu kuiwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P kabla hujapiga simu kwa mtu, swichi ya gia ikichoka huwa inazingua hivo. Kama stata inazungusha kwa nguvu ila haishiki, hiyo kesi nyingine, ni mafuta au moto wa plagi, usikubali mtu akuuzie betri hapo.

Sasa ya juzi. Umeme umekatika, napita karibu na gereji ya yule fundi wangu wa kwanza, naona taa inawaka, redio inaunguruma, vijana wanachaji simu. Nikasogea. Chini ya meza, betri, ubavuni mwandiko wangu wa maka peni, tarehe ileile.

Nikamuuliza, "Fundi, hiyo si ilikufa?"

Hakupepesa hata jicho. "Aah bosi, ilipata nafuu."