RAM ilishuka bei, ila si ya mashine yangu

Mwaka 2023 RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia ikiwa kazini, iliporomoka bei kweli. Wakati wa korona watu walinunua kompyuta kwa fujo, kisha wakatulia, chipu zikarundikana ghalani hadi watengenezaji wake, Samsung, SK Hynix na Micron, wakapunguza uzalishaji. Nami huku Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nikasema zamu yangu imefika.

Nina steshenari. Laptopu yangu ilikuwa na GB 4. Mwanafunzi akileta ripoti ya kurasa 80 zenye picha, kiduara kinazunguka mpaka walio kwenye foleni wanaanza kuguna. Nikaagiza GB 8 Kariakoo, shilingi 45,000, na 5,000 ya kifurushi kwenye basi.

Fundi akafungua skrubu, akapuliza vumbi (kwa Dodoma hii, ni nusu debe), akaigeuza ile RAM kwenye mwanga.

"Bosi, hii DDR4. Mashine yako inakula DDR3."

Kumbe hivyo ni vizazi tofauti vya RAM. Akaisogeza kwenye sloti nione. Kile kipengo kwenye ukingo wake kimepishana na jino la sloti kidogo tu. Haiingii hata uibembeleze. Muuzaji naye, nilipompigia, akasema mali ikishatoka hairudi. Nikamwachia mwanafunzi mmoja kwa 30,000.

Ndiyo maana nina ugomvi na hizi habari za bei kushuka. Kinachoshuka ni kile viwanda vinachofyatua kwa wingi leo. DDR3 ni ya mwaka 2007, viwanda vilishahamia DDR4 na DDR5, kwa hiyo tunazouziwa mtaani nyingi zimenyofolewa kwenye mashine zilizokufa, na bei anapanga aliyeona shida yako. DDR3 nikailipia 40,000, ufundi 10,000. Piga hesabu: 70,000 kwa kazi ya 50,000, kisa hakuna aliyeniuliza mashine yako ni ipi. Wala mimi sikuuliza.

Na huo unafuu wenyewe haukudumu. Mwishoni mwa 2025 bei zilipaa tena, seva za akili mnemba zinafagia chipu. Wenye laptopu nyembamba za kuringia ndio siwaambii kitu: nyingi RAM yake imechomelewa kwenye bodi, ukitaka kuongeza unanunua mashine nzima.

Ile ya GB 4 sijaitupa. Ipo kwenye droo ya pini za stepla, nimeifunga karatasi na kuandika kwa makapeni: DDR3.