Nukta ya shamba na bei ya ushahidi

Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu ukataji wa misitu, iliyopitishwa mwaka 2023, inagusa ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Anayeingiza bidhaa hizo katika soko la Ulaya atatakiwa kuthibitisha kwamba hazikutoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba sheria za nchi zilikozalishwa zilifuatwa. Kila nchi mwanachama inapaswa kuweka kiwango cha juu cha faini kisichopungua asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya kampuni husika ndani ya Umoja huo.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linakadiria kuwa hekta milioni 420 za misitu zilikatwa kati ya mwaka 1990 na 2020, na kilimo ndicho chanzo kikuu. Nembo za uthibitisho za hiari ziliwabana waliotaka kubanwa tu, huku wengine wakiendelea kuuza kwa bei ya chini. Isitoshe, kanuni haifukui makaburi: shamba lililofunguliwa mwaka 2015 halina kesi.

Ugumu unaanzia shambani. Kisheria wajibu ni wa mwagizaji, lakini ushahidi, yaani mahali hasa lilipo shamba, anao mkulima. Shamba lisilozidi hekta 4 linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja, yenye latitudo na longitudo za angalau desimali sita. Lililo kubwa zaidi huchorewa mpaka wote. Desimali ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, ilhali simu ya kawaida, tena chini ya kivuli cha miti, hukosea kwa mita kadhaa. Aliyeandika sharti hilo huenda hajawahi kusimama katikati ya mibuni akisubiri simu ishike satelaiti. Baada ya hapo linakuja suala la ghala, ambako magunia mawili ya huyu humwagwa pamoja na matatu ya yule: shehena ikichanganyika na kahawa isiyojulikana ilikotoka, yote inakosa sifa. Mnunuzi asiye na nia mbaya yoyote ataona nafuu kununua kwenye shamba moja kubwa kuliko kufuatilia nukta mia tano.

Utekelezaji ulipaswa kuanza mwishoni mwa mwaka 2024, ukasogezwa mwaka mmoja, kisha ukasogezwa tena hadi mwishoni mwa mwaka 2026 kwa kampuni kubwa. Ahueni hiyo iliwafaa waliochelewa. Waliowahi kupima mashamba wamebaki na gharama mkononi, na kwa maoni yangu kuyumba huku kunaumiza biashara kuliko ukali wenyewe wa kanuni.

Wapo pia wanaolalamika kwamba Ulaya inakataza hata ufyekaji unaoruhusiwa na sheria za nchi ya mzalishaji. Hoja hiyo ina mvuto, lakini naiona dhaifu, kwa sababu mwenye soko ana haki ya kuchagua anachokinunua. Swali gumu zaidi ni nani anayegharimia masharti yake. Kanuni inataja kuwajengea uwezo wasambazaji, hasa wakulima wadogo, miongoni mwa hatua ambazo mwagizaji anaweza kuchukua ili kupunguza hatari. Imeandikwa "anaweza", na kwa neno hilo malipo ya kijana anayezunguka na simu kutoka shamba hadi shamba yameachiwa makubaliano ya mnunuzi na muuzaji.