Watano wa Kwenye Karatasi Hawafiki Septemba

Kila Novemba ikiingia, sisi mashabiki wa Baltimore Orioles, timu ya besiboli ya Marekani, tunageuka wakurugenzi wa usajili. Mtu ambaye Agosti hakutaka hata kutajiwa besiboli, sasa ana majina matano ya warushaji aliyoyapanga kichwani, na ana kijana mmoja wa timu ya chini ambaye yuko tayari kumtoa kesho asubuhi ili ampate wa sita. Ni hivyo kazini, ni hivyo kwa kinyozi. Na msimu wa 2025 ulitupa kila sababu ya kulalamika: tulishinda 75, tukapoteza 87, kocha Brandon Hyde akafukuzwa Mei. Timu hiyohiyo miaka miwili nyuma ilishinda 101.

Unayenisoma kutoka Mombasa au Mwanza, kwa kifupi mambo yako hivi. Mrushaji ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani mwenye fimbo. Mrushaji wa kuanza ndiye anayefungua mechi, anarusha mpaka iningi (zamu) ya tano au ya sita, akiwa na siku njema ya nane, kati ya iningi tisa za mechi. Kisha anapumzika siku kadhaa, ndiyo maana timu inakuwa na watano wanaopokezana. Msimu una mechi 162. Na usajili wa huku si kama wa Simba na Yanga. Ukimtaka mrushaji ambaye bado ana mkataba na timu nyingine, mara nyingi hutoi fedha, unatoa watu, na hao watu utawaona kwenye televisheni wakiipigia timu nyingine kwa miaka kumi ijayo.

Sasa ubishi wetu wote unaanzia na kuishia kwa hao watano. Nani namba moja, nani namba mbili, nani hafai hata namba tano. Mimi nadhani tunahesabu vibaya. Mikono inaharibika. Mwaka 2024 pekee, Kyle Bradish, Tyler Wells na John Means wote walifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Upasuaji unaojulikana zaidi unaitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa na daktari Frank Jobe mwaka 1974: kano ya kiwiko ikichanika, inachukuliwa kano ya sehemu nyingine ya mwili inapachikwa pale. Hapo mwaka mzima na zaidi umekwenda. Bradish alikuwa wa nne kwenye kura za mrushaji bora wa ligi yake mwaka 2023. Alipoumia, tukamwona tena uwanjani mwishoni mwa Agosti 2025, msimu ukiwa umeshaharibika. Grayson Rodriguez, kijana tuliyeambiwa ndiye nguzo ya miaka ijayo, hakurusha mpira hata mmoja wa ligi kuu mwaka 2025.

Kwa hiyo ukiniuliza nguvu ya warushaji wetu, usinionyeshe namba moja. Nionyeshe namba saba na namba nane, maana hao ndio watakaoanza mechi za Julai.

Watu hunijibu kwa jina moja: Corbin Burnes. Haya. Tarehe 1 Februari 2024 tulimchukua kutoka Milwaukee tukawapa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi moja ya kuchagua kijana kwenye mgao wa wachezaji wapya wa ligi. Alikuwa na mwaka mmoja tu kabla ya kuwa huru. Akafanya kila alichoombwa: iningi 194, wastani wa pointi 2.92 alizofungwa kwa kila iningi tisa. Ukiwa chini ya 3 wewe ni mtu wa kutisha. Ukipita 5, unatafutiwa nauli ya kurudi timu ya chini.

Halafu ikaja Oktoba 1, kwenye uwanja wetu wa Camden Yards, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Kansas City. Burnes alirusha iningi nane na kufungwa pointi moja. Moja. Iningi ya sita, Bobby Witt Jr. wa Kansas City akapiga, mwenzake Maikel Garcia akafika nyumbani, yaani pointi, basi. Sisi tukapata sifuri. Kesho yake tukafungwa 2 kwa 1, tukafungasha virago. Nikisikia mtu akisema tungekuwa na Burnes wawili tungefika mbali, namkumbusha kwamba siku ile mrushaji tulikuwa naye. Mwenye fimbo ndiye hakuwepo.

Desemba akaenda Arizona kwa dola milioni 210, miaka sita, nasi tukawatukana wenye timu kwa ubahili. Juni iliyofuata naye akafanyiwa Tommy John. Simfurahii mtu kuumia, lakini wale waliokuwa wakiapa kwamba klabu ilipaswa kulipa kiasi hicho, siku hizi wana mada nyingine.

Hilo haliwasafishi viongozi. Badala ya Burnes walituletea mikataba ya mwaka mmojammoja: Charlie Morton, miaka 41, kwa dola milioni 15, na Tomoyuki Sugano kutoka Yomiuri Giants ya Japani. Morton alianza vibaya mpaka akaondolewa kwa muda kwenye zamu ya kuanza, na Julai akapelekwa Detroit. Huo si mpango, ni kukodi nyumba mwezi kwa mwezi huku unawaambia majirani umejenga.

Biashara ninayoitetea mimi ni ile iliyomfanya kila mtu atake damu. Mwisho wa Julai 2024 tulimtoa Kyle Stowers na Connor Norby kwenda Miami, tukampata Trevor Rogers. Alianza mechi nne tu, akafungwa vibaya, akateremshwa Norfolk, timu yetu ya chini. Wiki chache zile zilitosha kuitwa biashara mbaya kuliko zote. Mwaka 2025 Stowers akachaguliwa kwenye mechi ya nyota, na lawama zikaanza upya, sasa kwa sauti ya juu zaidi. Lakini angalia upande wa pili: Rogers aliporudi kutoka kuumia alianza mechi 18 na kumaliza na wastani wa 1.81. Ndiye aliyekuwa mrushaji wetu bora, na mbali. Mimi ningeirudia biashara ile kesho. Tulikuwa na wachezaji wa sehemu ya nyuma ya uwanja wengi kuliko nafasi, na mrushaji tuliyempata hakuwa mgeni wa msimu mmoja.

Wazee wa mji huu hupenda kutufunga mdomo na mwaka 1971. Jim Palmer, Dave McNally, Mike Cuellar, Pat Dobson, warushaji wanne wa timu moja, kila mmoja akashinda mechi 20 au zaidi. Wanasimulia kana kwamba walizaliwa wote kwenye uwanja wa Memorial. Cuellar alitoka Houston kwa kubadilishana, Desemba 1968. Dobson alitoka San Diego kwa kubadilishana, Desemba 1970. Nusu ya ule utukufu ulitengenezwa wakati wa baridi. Na fainali wakafungwa na Pittsburgh mechi ya saba, jambo ambalo katika simulizi hupitwa haraka sana.

Wazee haohao wakitajiwa Januari 1991 hunyamaza. Mwaka ule tulimtaka mpigaji Glenn Davis wa Houston, tukawapa Steve Finley, Pete Harnisch na kijana mmoja anayeitwa Curt Schilling. Davis akaandamwa na majeraha. Schilling alistaafu na ushindi wa mechi 216. Kumpa mtu warushaji vijana ili upate fimbo ni deni linalolipwa kwa miaka mingi.

Ndiyo maana sikulala vizuri Novemba 2025 tulipompeleka Rodriguez Los Angeles Angels na kumchukua Taylor Ward. Ward alipiga homa rani 36 mwaka huo (mipira iliyovuka uzio wa uwanja), sikatai, na fimbo tunaihitaji, nimeshasema. Lakini alibakiza mwaka mmoja wa mkataba, na Rodriguez alibakiza minne. Tulimuuza akiwa kitandani, bei ikiwa chini kabisa. Mwezi mmoja baadaye tukawapa Tampa Bay vijana wanne pamoja na nafasi ya kuchagua ili tumpate Shane Baz, mrushaji ambaye naye ameshapitia Tommy John na ambaye wastani wake wa 2025 ulikuwa 4.87. Watu wameona namba hiyo wakapiga kelele. Mimi nimeona mechi 31 alizoanza na miaka mitatu aliyobakiza, nikasema sawa, hii ndiyo aina ya mtu tunayemhitaji, ingawa bei ilikuwa ya kuumiza. Pia mwaka ule Tampa Bay walichezea uwanja mdogo wa kuazima baada ya kimbunga kung'oa paa la uwanja wao, na si mrushaji mmoja aliyelia pale.

Sasa wimbo mpya ni Adley Rutschman, mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji. Kwa kuwa mdakaji mwingine kijana, Samuel Basallo, ameshasaini miaka minane kwa dola milioni 67, eti Rutschman atolewe kwa mrushaji mkubwa. Aliyetaka kufanya hivyo angefanya mwisho wa 2023. Mwaka 2025 aliumia, akapiga .220, yaani alifanikiwa mara 22 hivi kati ya kila 100, nani atakutolea mrushaji mkubwa kwa huyo leo? Utapewa mwingine anayetoka hospitali. Na wanaosahau kwamba mdakaji ndiye anayemwongoza mrushaji kila mpira, wakae nyuma yake mechi moja wamtazame Rogers anavyomsubiri kabla ya kutikisa kichwa. Abaki mpaka Julai, apige, kisha tuzungumze bei.