Msifunge shimo kabla ya kupima ndani yake

Mpango wa serikali wa Madini ni Maisha na Utajiri unalenga kupima kwa kina asilimia 50 ya Tanzania kwa jiofizikia ya ndege (kupima miamba ya chini kutoka angani) ifikapo 2030, kutoka asilimia 16. Naunga mkono kabisa. Lakini kwa nikeli ya salfaidi, yaani iliyoungana na salfa ndani ya mwamba, ndege huanzisha kazi tu, na kipimo ninachokiamini kuliko vyote ndicho tunachokiruka bajeti ikibana: kile cha ndani ya shimo lililochorongwa.

Chukua Kabanga, wilayani Ngara. Nikeli yake imeandamana na pirotaiti, madini yenye sumaku na yanayopitisha umeme vizuri mno. Mtu angedhani ni rahisi kuiona. Kumbe sehemu kubwa ya mbale, yaani mwamba wenye nikeli, imelala mamia ya mita chini, na miamba ya jirani ina kinywe (grafiti), nacho kinapitisha umeme vilevile. Kipimo cha juu kinaitika, mnachoronga kwa matumaini, kinatoka kipande cheusi kinachochafua vidole kama ncha ya penseli.

Ndiyo maana shimo lililokosa mbale bado lina thamani. Tunatandaza waya juu ya ardhi, kitanzi cha mamia ya mita vichakani, tunapitisha umeme, kisha tunaukata ghafla. Kipokezi cha kunasa mwitikio wa miamba kinashushwa shimoni kwa kamba, kinasimama kila mita kumi. Mwamba wa kawaida hunyamaza papo hapo. Donge la salfaidi huendelea kuitika, likififia polepole, hata likiwa makumi ya mita pembeni ya shimo, na umbo la mchoro hutuambia liko upande gani. Kinachohitajika ni bomba la plastiki la kuzuia shimo lisibomoke, na siku mbili za subira. Ningependa masharti hayo yaandikwe kwenye kila mkataba wa uchorongaji wa nikeli.

Kuna shimo ambalo bado linaniuma. Sampuli zilitoka na chembe chache tu za salfaidi, ofisi ikasema halina kitu, mtambo uhamishwe. Jioni vijana wakachomoa mabomba ya chuma, bila kuacha la plastiki. Kipokezi kilifika asubuhi, tukakishusha, kikagota kwenye mita 40. Chini yake zaidi ya mita 300 zilikuwa zimejifukia usiku.