Kabla ya kufuta, funua mkeka

Seva ya Linux ina diski ya gigabaiti 40. `df -h /`, amri inayoonyesha diski imejaa kiasi gani, inasema asilimia 100, ila `du -xsh /`, inayojumlisha faili inazoziona, inapata gigabaiti 11 tu. Wasimamizi wengi hapo hukimbilia kufuta logi, yaani faili za kumbukumbu za matukio. Naona ni haraka mbaya: logi ndizo zitakazokueleza kilichotokea, na tatizo huenda haliko huko kabisa.

Kwenye Linux hakuna diski C wala D kama kwenye Windows. Kuna mti mmoja unaoanzia `/`, na kila diski hupachikwa kwenye saraka fulani ya mti huo. Ukipachika diski ya pili kwenye `/data`, kerneli (kiini cha mfumo) haifuti kilichokuwamo wala haikihamishi. Inakifunika tu, kama mkeka juu ya sakafu. Sasa chukua usiku ambao diski ile haikupachikwa: bekapu (nakala ya akiba) ya saa nane ikaikuta `/data` ni saraka ya kawaida, ikaandika humo humo, yaani kwenye diski ya mfumo. Asubuhi diski ikapachikwa tena, na mzigo wote ule ukabaki chini. `du` haiuoni; `df` inauhesabu.

Kwanza ondoa shaka nyingine: `lsof +L1` huonyesha faili zilizofutwa ambazo programu bado imezishikilia, hivyo bado zinakula nafasi. Kama hakuna kubwa, na `/mnt` ni tupu, funua kwa kuipachika `/` mara ya pili kwenye `/mnt`, bila mikeka yake:

`mount --bind / /mnt`
`du -sh /mnt/data`

Iwe `--bind`, si `--rbind`, kwa sababu hiyo ya pili huja na mikeka yote. Ukifuta, futa ndani ya `/mnt/data`, na isome njia hiyo mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, maana `/data` ndiyo diski yenye data halisi. Ukimaliza, `umount /mnt`.

Kinga yake ni rahisi, na inasikitisha kwamba haifundishwi. Ondoa diski kwenye mti kwa `umount /data`, andika `chattr +i /data` ili kuifunga saraka isibadilishwe, kisha ipachike tena. Saraka tupu ya chini sasa haiandikiki hata na root, mtumiaji mkuu, kwa hiyo bekapu itafeli kwa kelele badala ya kujaza mfumo kimyakimya. Ukisahau kuiondoa diski kwanza, utakuwa umeifunga saraka ya juu ya diski yenyewe. Kwenye `/etc/fstab`, faili ya orodha ya diski za kupachikwa, tumia UUID (kitambulisho cha kudumu) inayotolewa na `blkid`, kwani `/dev/sdb1` ya leo yaweza kuwa `/dev/sdc1` kesho. Na umount ikikataa kwa kusema `target is busy`, `fuser -vm /data` itakuonyesha programu inayoishikilia. Usikimbilie `umount -l`: huiondoa diski kwenye mti tu, huku programu ikiendelea kuiandikia.

Kuna jambo la pili linalowachanganya hata wazoefu: mti wenyewe si mmoja kwa wote. Tangu kerneli 2.4.19 ya mwaka 2002, kundi la michakato linaweza kuwa na nafasi yake ya majina, yaani orodha yake ya vilivyopachikwa. Wazo hilo lilikuwa moyo wa Plan 9, mfumo endeshi wa Bell Labs, na leo konteina zote za Linux, yaani programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa na mfumo uliobaki, zimesimama juu yake. Ndiyo maana huduma ya systemd yenye `PrivateTmp=yes`, yaani `/tmp` yake binafsi, huandika faili kwenye `/tmp`, nawe ukitazama `/tmp` huioni. Linganisha `readlink /proc/self/ns/mnt` na `readlink /proc/PID/ns/mnt`, PID ikiwa namba ya mchakato wa huduma. Namba zikitofautiana, `nsenter -t PID -m ls /tmp` itakuonyesha kile ambacho huduma inakiona.

Docker, programu ya kuendesha konteina, nayo ina mtego wake hapa. Ukiipa konteina `/media`, kisha ukachomeka diski ya USB baadaye, ndani haitaonekana, kwa kuwa chaguo-msingi ni `rprivate`, yaani kinachopachikwa nje baadaye hakipenyi ndani. Andika `-v /media:/media:rslave`, na diski mpya zitaingia bila kuiwasha konteina upya.